Asilimia Mia ya Nani?

Wazee mliozoea kunisikia saa hizi nikizungumzia alizeti na bei ya vitunguu, naomba msizime redio. Leo ni zamu ya wajukuu zenu. Nitazungumza juu ya magemu, haya yanayochezwa kwenye televisheni, na juu ya ubishi ambao kwa mbali unaonekana wa kitoto. Ukiusogelea unakuta ndani yake kuna fedha, kuna haki, na kuna swali la nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba kazi imekwisha.

Kwenye vibanda vya gemu hapa Singida mjini, ukianzia Misuna ukazunguka mpaka Mitunduruni, ubishi wa kila siku ni wa mpira: nani kamfunga nani, nani alipewa pedi mbovu, nani alichagua Barcelona kwa sababu hajui kucheza. Huo tuuache. Upo ubishi mwingine wa wale wachache wanaocheza magemu ya hadithi, wanaokaa na gemu moja wiki nzima. Wao hubishana nani ana haki ya kujiita amelimaliza mia kwa mia. Mmoja anasema, mimi nimemaliza kila kitu kilichokuwemo kwenye diski. Mwenzake anamjibu, bado, kuna nyongeza ilitoka mwaka uliofuata na wewe hukuinunua, kwa hiyo una asilimia sabini na kitu.

Hizo nyongeza wenyewe huziita DLC. Ni vipande vipya vya gemu: misheni, ramani, wahusika, pengine mavazi tu. Kampuni huviuza kando baada ya gemu kutoka, nawe unavipakua kwa intaneti. Kwa kawaida vinakuja na vikombe vyake au pointi zake, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu vikombe hivyo vipya vinaingia kwenye orodha ya gemu lile lile ambalo wewe ulishajihesabu umelimaliza.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Nyongeza isihesabiwe ndani ya mia. Ihesabiwe juu ya mia, kwa jina lake na safu yake, na anayeipata apewe heshima yake. Lakini aliyemaliza kile alichouziwa amemaliza.

Tuanze na gemu ambalo hata asiyecheza amewahi kusikia risasi zake zikilia kwa jirani: GTA San Andreas. Lilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, na hapa kwetu lilidumu miaka mingi baada ya wenzetu wa Ulaya kuhamia kwenye mashine mpya. Waliolicheza wanajua kwamba misheni ya mwisho haikufikishi mwisho. Ukifungua ukurasa wa takwimu unaikuta asilimia yako, na bado ni ndogo ya kukatisha tamaa. Mpaka upulizie rangi juu ya michoro 100 ya ukutani kule Los Santos, upige picha 50 San Fierro, uokote viatu vya farasi 50 Las Venturas na uzamie chaza 50 majini. Hapo bado kuna shule ya udereva, kuna ile shule ya urubani iliyowatoa watu machozi, kuna kazi ya teksi, ya ambulensi na ya zimamoto. Ukifika mia unakuta kifaru cha jeshi na ndege ya kivita vimekuja kukaa Grove Street, mtaani kwako, dola milioni moja zimeingia, na risasi zako haziishi tena.

Wengi hawakufika. Wengi walikwama mapema kabisa, kwenye ile misheni ya kuifukuza treni kwa pikipiki huku mwenzako Big Smoke amekaa nyuma akikosa shabaha. Hata vijana waliokulia Manyoni na Itigi, waliozaliwa wakisikia treni za Reli ya Kati, treni ile iliwashinda. Na aliyefanikiwa kusonga mbele kazi yake yote ilikuwa inakaa kwenye memori kadi ya megabaiti 8. Kama kadi ni ya kibanda, basi ulikuwa unaomba Mungu asitokee mtu akasevu ya kwake juu ya ya kwako.

Lakini mia ile ilikuwa imefungwa. Walioitengeneza waliamua siku moja kwamba hivi ndivyo vitu vya kufanya, wakaviandika kwenye diski, diski ikauzwa. Aliyefika mia mwaka 2005 ana mia yake mpaka leo. Hakuna aliyeamka asubuhi akaambiwa sasa una themanini.

Haja ya kuonyesha ushahidi wa ulichofanya kwenye gemu ni ya zamani kuliko vijana wanavyodhani. Mwaka 1982 kampuni ya Activision ya Marekani ilipotoa gemu la Pitfall!, mchezaji aliyefikisha pointi 20,000 aliipiga picha televisheni yake, akaituma picha hiyo kwa posta, akarudishiwa kiraka cha kitambaa cha kushona kwenye nguo. Ulikuwa utaratibu wa kiungwana. Kiraka kikishashonwa kwenye koti lako, hakuna mtu wa kuja kukibandua.

Utaratibu wa sasa ulianza Novemba 2005, Microsoft ilipotoa Xbox 360. Kila gemu la diski lilipewa pointi 1000 za kugawa kwa mchezaji kadiri anavyotimiza mambo fulani, na jumla ya pointi zako kwenye magemu yote ilionekana na dunia nzima. Nyongeza nazo ziliruhusiwa kuleta pointi zake, 250 kwa kawaida. Steam, duka la magemu ya kompyuta, likafuata mwaka 2007. Sony wakaja na vikombe vya PlayStation 3 mwaka 2008: vya shaba, vya fedha, vya dhahabu, na juu yao kimoja cha platinamu, anachopewa aliyekusanya vingine vyote.

Sasa angalia hesabu ilivyovurugika. GTA IV ilitoka Aprili 2008 ikiwa na pointi 1000 kwenye Xbox 360. Februari 2009 ikaja nyongeza ya kwanza, The Lost and Damned, na pointi 250. Oktoba mwaka huo huo ikaja ya pili, The Ballad of Gay Tony, na 250 nyingine. Orodha ikawa na pointi 1500. Kijana aliyekuwa na pointi zake 1000 kwa 1000, aliyekesha kwa ajili yake, akajikuta ana theluthi mbili ya gemu bila kupoteza hata misheni moja. Steam ndiyo mbaya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu inavichanganya vyote, vya gemu na vya nyongeza, kwenye chungu kimoja. Gemu lililokuwa limekamilika kwenye ukurasa wako linaacha kuwa limekamilika siku nyongeza inapotoka.

Sony walifanya vizuri zaidi, na nawasifu bila kinyongo. Platinamu inahesabu vikombe vya gemu la msingi peke yake. Nyongeza inapangwa chini yake kwa kundi lake, na platinamu yako hakuna anayeigusa. Isipokuwa nao hawakuthubutu kwenda mpaka mwisho, maana pembeni ya gemu wanaandika asilimia moja ya jumla, na humo wamechanganya kila kitu. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtu ana platinamu inayong'aa, na pembeni yake pameandikwa sitini na mbili. Na ubishi wote huu unaishi kwenye nafasi hiyo ndogo iliyo kati ya kikombe na namba.

Hapa mzee mmoja atauliza: namba inayomshughulisha mtoto mbele ya televisheni inatuhusu nini? Nami namrudisha kwenye jambo analolijua vizuri, matokeo ya mitihani.

Kidato cha nne, Baraza la Mitihani linapanga divisheni ya mtahiniwa kwa masomo saba aliyoyafanya vizuri zaidi. Wapo wanaofanya tisa, wapo wanaofanya kumi. Hayo ya ziada yanaonekana kwenye matokeo na alama zake, mzazi akipenda atayasoma kwa sauti kubwa jirani asikie, lakini divisheni inatoka kwenye yale saba. Ndiyo maana divisheni wani ya saba ndicho kilele, awe mtoto amebeba masomo saba au kumi. Kidato cha sita ni hivyo hivyo: masomo matatu ya tahasusi ndiyo yanayoamua. General Studies, ambayo wanafunzi wameikeshea miaka na miaka, ina alama yake, inaonekana, lakini haipandishi wala kushusha divisheni. Najua mfano huu unachechemea mguu mmoja, kwa sababu Baraza linachukua yaliyo bora na gemu linataka yote. Ila fikiria sasa Baraza liwaandikie waliomaliza kidato cha nne mwaka 2015 kwamba limeongeza somo jipya, kwamba somo hilo linalipiwa, na kwamba asiyelilipia na kulifanya divisheni yake inashuka kuanzia mwezi ujao. Kuna mzazi Ikungi au Kiomboi atakayekaa kimya?

Kwenye magemu watu walikaa kimya, au tuseme walilalamika kidogo kisha wakatoa pesa. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza mavazi ya chuma ya kumvalisha farasi katika gemu la Oblivion, dola mbili na nusu kwa pambo ambalo halibadilishi lolote katika hadithi. Dunia ya wachezaji ilicheka mpaka ikachoka. Mwaka 2025 Oblivion ikatengenezwa upya, na katika toleo lake la bei ya juu kulikuwa na mavazi ya chuma ya farasi. Aliyecheka mwanzo hakucheka mwisho.

Mtu aliyezoea kukusanya vikombe akiona mia yake imeshuka anaumwa kweli, na dawa inauzwa pale pale alipoonyeshwa ugonjwa. Simlaumu mwenye duka kwa kuuza. Namlaumu anapoandika kwenye daftari langu kwamba nina deni, wakati kitu chenyewe sijakichukua.

Na hapa ndipo suala linapofika Singida, kwa sababu hoja zote nilizosema mpaka sasa angeweza kuzisema mtu wa Manchester. Mtu wa Manchester akiambiwa akamilishe mia kwa nyongeza, anabonyeza kitufe, kadi ya benki inakatwa, kwisha. Kwetu mambo hayaendi hivyo.

Duka la mtandaoni la PlayStation halijafunguliwa rasmi kwa Tanzania. Kijana wa hapa anayetaka akaunti hujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine, Afrika Kusini kwa mfano, au Uingereza, au Marekani. Anaandika anwani ya mtaa ambao hajawahi kuukanyaga. Kadi ya benki ya hapa nyumbani duka la huko linaweza kuikataa, basi anatafuta vocha za duka hilo kwa watu wanaoziuza kwa bei yao. Akishaipata vocha kuna kikwazo kingine ambacho wengi hukijua wakiwa wameshalipa: nyongeza inafuata eneo la diski. Diski ya Ulaya inataka nyongeza ya duka la Ulaya, diski ya Marekani inataka ya Marekani. Na diski za mtumba zinazotufikia haziulizwi zimetoka bara gani. Unakuta kijana ana diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani. Amelipa, amepakua, amemaliza bando, na gemu halioni kitu. Kuna pia yale matoleo kamili yaliyoandikwa kwenye kasha kwamba nyongeza zote zimo. Mengine nyongeza hizo zilikuja kwa namba ya siri ya kutumika mara moja, na mwenye gemu wa kwanza aliitumia kabla hajaliuza.

Mei 2024 jambo hili la nchi zisizo na huduma ya PlayStation lilitangazwa dunia nzima, ingawa si kwa sababu yetu. Sony walitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation. Watu wakauliza, na wale wa nchi ambazo huduma hiyo haipo? Gemu likaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Wachezaji wakapiga kelele kubwa, na baada ya siku chache tu Sony wakaliacha sharti lile. Lakini ramani ilikuwa imeshaonekana, na sisi tulikuwa upande gani wake ilijulikana. Ukihesabu nyongeza ndani ya mia, basi mia ya PlayStation imekuwa kitu cha kupimia makazi. Uwezo wa mikono haumo tena. Kijana wa Mandewa mwenye vidole vyepesi kuliko wa London atabaki na sitini na mbili, na sababu yake ni anwani.

Wenye kompyuta wana nafuu kidogo, nikiri hilo. Steam inawauzia watu wa huku kwa dola, na kadi zinazotolewa kwenye simu zimewasaidia wasio na kadi za benki. Wao kilio chao ni bando. Nyongeza kubwa za siku hizi zina gigabaiti nyingi, na zinakuja na masahihisho yake, nayo yana gigabaiti zake.

Tena maduka haya yanafungwa. Julai 29, 2024 Microsoft walifunga duka la Xbox 360, lile lile la mashine iliyoanzisha hesabu ya pointi. Nyongeza zilizokuwa zikiuzwa humo peke yake, ambazo hazikuhamishiwa kwenye mashine mpya, hazinunuliki tena kwa njia halali. Mwenye diski anaweza kulicheza gemu lake, akalimaliza, akalirudia akiwa amefumba macho. Kama mia inahesabu nyongeza, gemu hilo halitamalizwa tena na mtu yeyote anayelianza leo. Hapo wanaobisha nami huwa wanapunguza sauti.

Lakini nisiwapunje. Wana hoja, na hoja yao nzuri kuliko zote inaitwa Blood and Wine. Ni nyongeza ya The Witcher 3 ya kampuni ya CD Projekt Red ya Poland. Gemu lilitoka Mei 2015, nyongeza ikafuata Mei 2016. Imeleta nchi nzima mpya, Toussaint, yenye mashamba ya mizabibu na watu wake na visa vyake, na inampa Geralt, shujaa wa gemu, nyumba ya kupumzikia baada ya maisha yote ya barabarani. Aliyelicheza gemu akaiacha Toussaint, kwa kweli hajaagana na Geralt. Wanaobisha wanauliza: huyo naye amemaliza mia kwa mia? Nawajibu kwamba amemaliza The Witcher 3 na hajaicheza Blood and Wine, na sentensi zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Kulijua gemu lote na kulimaliza gemu ulilouziwa ni mambo mawili. Kama unataka kumshauri ainunue, mshauri. Mimi mwenyewe ningemshauri. Usimshushie namba.

Na wapo waliotengeneza nyongeza kubwa wakaiacha bila kikombe hata kimoja. FromSoftware wa Japani walitoa Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring, Juni 2024, kwa dola 40, zaidi ya shilingi laki moja kwa thamani ya wakati ule. Ni kubwa kuliko magemu mengi kamili, na ngumu ya kutoa jasho. Haina vikombe wala pointi. Aliyekuwa na platinamu ya Elden Ring tangu 2022 alibaki nayo kama ilivyo, na nyongeza watu waliinunua kwa mamilioni hivyo hivyo. Nyongeza hiyo ikaingia mpaka kwenye kinyang'anyiro cha gemu bora la mwaka. Kwa hiyo hadithi kwamba nyongeza haiuziki bila kutishia asilimia za watu siipokei.

Njia ninayoipenda mimi ni ya zamani na karibu imesahaulika. Wale wa PlayStation ya kwanza wataikumbuka Crash Bandicoot ya tatu, ya mwaka 1998. Asilimia yake haikuishia mia; aliyefanya kila kitu alifika 105. Kulikuwa na raha ya pekee kuiona namba ikivuka mahali ambapo mwalimu wa hesabu alisema haivukiki. Team Cherry, kikundi kidogo cha Australia, waliirudisha raha hiyo katika Hollow Knight ya mwaka 2017. Walitoa nyongeza kadhaa baadaye, bure, na pamoja nazo kilele kilipanda ndani ya gemu lenyewe, mpaka kikasimama kwenye 112. Aliyekuwa na mia hakunyang'anywa, na aliyeendelea alionekana ameendelea. Nani aliumia hapo?

Linganisha na The Binding of Isaac: Rebirth. Gemu hilo lilianza mwaka 2014 na orodha ya mambo yasiyofika mia mbili. Nyongeza baada ya nyongeza, kufikia ile ya 2021, orodha imevuka mia sita. Wapo wanaoipenda kwa ajili hiyo hasa, na siwakatazi. Lakini mtu aliyelimaliza lote mwaka ule wa kwanza, akaoa, akapata watoto, leo akifungua ukurasa wake wa Steam anaambiwa hajafika hata theluthi.

Sasa niseme jambo moja la pembeni, kwa sababu kuna watu wa hapa wanaocheza nyongeza kila siku bila kujua, tena nyongeza zisizohesabiwa na kampuni yoyote. Nazungumzia zile PES za kienyeji. Mafundi wetu walilichukua gemu la mpira la Konami, wakalifungua, wakaingiza Simba, Yanga, Azam na ligi yetu yote, jezi na majina, na sasa zinapita kutoka simu hadi simu, zikichezwa kwa PPSSPP, programu inayoifanya simu iige mashine ya PSP. Masuala ya hakimiliki leo siyaingii. Kazi yenyewe si rahisi, hasa kwa anayetaka kuiweka timu ya Singida. Alianza na Singida United, ikashuka daraja 2020. Ikaja Singida Big Stars kwenye ligi ya 2022. Msimu uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Uliofuata tena, Fountain Gate hao wakahamia Manyara na Ihefu ikaja kuwa Singida Black Stars. Fundi hajamaliza kuchora nembo, klabu imebadili jina! Hakuna pointi kwa kuwafunga Yanga ukiwa na Singida kwenye simu yako. PSP haikuwa na vikombe vyovyote. Watu wanacheza mpaka chaji inakata, na sijasikia mtu akiuliza asilimia.

Hata hivyo wanaojali asilimia nao wana haki ya kuijali, na wale wa kujitolea wamewazidi akili wenye kampuni. RetroAchievements ni jumuiya ya wachezaji wanaotunga orodha za vikombe kwa magemu ya zamani ambayo hayakuwahi kuwa navyo. Changamoto za ziada, zile za kichaa, za kumaliza gemu bila kuguswa au bila kutumia silaha fulani, huziweka kwenye seti ya pembeni. Seti kuu inabaki kipimo cha kulimaliza gemu. Hakuna aliyelipwa kuamua hivyo, na pengine ndiyo sababu waliamua vizuri.

Limebaki gemu moja ambalo vijana hunirushia kila nikifika hapa. Asura's Wrath, la Capcom, mwaka 2012. Ukilicheza mpaka mwisho wa diski, hadithi inaishia pabaya, imening'inia, na sura zenye mwisho wa kweli ziliuzwa baadaye kama nyongeza. Wananiuliza, haya mzee wa mia iliyofungwa, huyu ambaye hata mwisho wa hadithi hakuuona naye amemaliza?

Ndiyo. Amemaliza kila kitu kilichokuwemo kwenye kasha alilolilipia. Mwisho haukuwemo, na wa kuulizwa kuhusu hilo ni Capcom. Kama ana rafiki aliyezinunua sura zile, aende akae naye jioni moja azitazame, kwa sababu kazi imefanywa vizuri na inauma kuikosa. Akirudi, kwenye ubao wa kibanda wa majina ya waliomaliza, jina lake litabaki pale pale lilipokuwa. Hatutampandisha, na kabla hajaenda hatukuwa tumemshusha.